Panya wa Kumi na Saba

Mbarara, saa tisa usiku. Umeme umekatika tena,
jenereta inakohoa nyuma ya jengo,
nami nimebana tochi kwa meno
nikihesabu panya weupe, macho mekundu,
wasio na kinga hata ya mafua.

Ndani ya mmoja wao
inaishi damu ya Akampurira,
aliyekuwa na miaka tisa na pengo la mbele.
Saratani yake ilizishinda dawa tatu.
Panya kumi na sita wa kwanza iliwakataa:
tuliwadunga, tukangoja,
hakikuota kitu.

Huyu alianza kukonda Jumanne.
Manyoya yakamsimama.
Nikaweka tone lake chini ya hadubini,
nikaziona, zilezile, za zambarau,
zimesongamana kama ulezi kwenye ungo,
nikapiga kigelegele.

Kisha nikanyamaza.
Nani hushangilia ugonjwa ukishika?

Mama yake, Kyarisiima, alitoka Ibanda
kurudisha mashuka ya wodi, yamefuliwa, yamepigwa pasi.
Akauliza: huyo panya mmempa jina?
Nikamwambia tunaandika namba tu.
Akakaa kimya kidogo.
Basi mlisheni vizuri, akasema.

Asubuhi tunajaribu dawa ya nne.
Kwa mtu mmoja imechelewa.

Umeme umerudi. Friji inanguruma.
Nazima tochi, nafuta mate kwenye mpini wake,
na kwenye maranda
kuna kitu kidogo kinakwaruza,
kinatafuta maji.