Mstari Niliokata

Kalamu nyekundu niliishika mimi.
Kikao cha saba, Ipagala, sebuleni kwa Mzee Chilewa,
upepo wa Julai unagonga bati,
chai imepoa kwenye chupa,
michango imegoma kwenye milioni tisa na nusu.
Katibu akasoma: chakula cha watoa huduma,
watu kumi na wanne, sahani elfu kumi na mbili.
Nikauliza, "Kwani hao si tunawalipa?"
Wakacheka. Nikakata.
Laki moja na sitini na nane elfu, imeokolewa.
Nikapigiwa makofi ya kilo mbili.

Siku ikafika.
Matarumbeta walitupokea kanisani saa saba,
wakatuzungusha mjini nyuma ya pikapu
hadi ukumbini Kizota,
midomo imepasuka kwa vumbi na shaba.
Mbeleje, mpambaji, alikuwa juu ya ngazi tangu alfajiri
akifunga vitambaa vya rangi ya zabibu;
usiku nilimkuta ameketi kwenye kreti la soda,
nyuma ya pazia aliloshona mwenyewe.
Kijana wa jenereta alikuwa nje, baridini,
anaota moto wa mashine yake.
Dirisha la jikoni lilimpa harufu ya pilau,
harufu tu.
Mshereheshaji akaita meza ya wajomba,
akaita meza ya wakwe, ya kwaya, ya majirani,
meza ishirini na mbili kwa sauti iliyokauka,
na ya kwake haikuwemo.

Na Nyemo wa video alituzunguka na lenzi.
Alirekodi paja la kuku likiingia kinywani mwangu.
Nimeliona baadaye.
Nimeliona kwa karibu mno.

Saa nne na robo aliishika sahani.
Binti mwenye beji akamwambia, "Nyie hammo kwenye hesabu."
Beji ile nilimvika mimi.
Nyemo akairudisha sahani juu ya zenzake, taratibu,
isilie,
akavuka barabara kwa mama wa chipsi mayai.

Ndipo Bibi Matika wa Mvumi,
ambaye magoti yamemgomea masika mawili,
akasema zimeni hiyo spika.
Akataka ngoma. Ile ya kubanwa mapajani.
Wenzake walikuwa wameificha kwenye gari, wakaileta.
Bibi akasimama bila mkongojo.
Mabega yakaanza, shingo ikafuata,
shanga zikajibu,
na bwana harusi, mjukuu aliyemlea kwa uji wa uwele,
akapiga magoti sakafuni na suti yake ya kukodi.
Mimi nilipanda juu ya kiti ili nione.

Kwenye video kuna keki.
Halafu giza kidogo.
Halafu bibi ameketi, anahema,
anajifuta jasho kwa pindo la kanga,
na ukumbi mzima unashangilia,
hujui unashangilia nini.

Tulimpigia Nyemo tukidai nusu ya pesa.
Hakubishana.
"Shangazi," alisema, "nilikuwa sijala tangu jana yake.
Na hizo chipsi nilikula nimesimama."

Bibi yupo, Mvumi.
Tumemwomba arudie mbele ya simu, hata kidogo.
Anasema ile ilikuja yenyewe.

Mwezi huu tunamwoza Chalo, Makole.
Nimeomba meza moja zaidi:
isiwe mlango wa choo, isiwe mgongoni mwa spika,
kitambaa kilekile cha wageni, viti vyenye egemeo.
Wale mapema, wawili wawili, kamera isilale.
Matarumbeta wapewe maji kabla hawajaomba.
Nikauliza na jina la kijana wa jenereta.
Anaitwa Msaka. Nimeliandika.

Mhazini mpya, kijana mwenye kikokotoo, akainua kichwa:
"Kwani hao si tunawalipa?"
Alicheka kicheko changu kabisa.
Sikumjibu. Niliwasha televisheni,
nikaisogeza video hadi kwenye keki,
nikamwonyesha bibi anavyohema.