Hatuendi Kumzika Mtu

Kizuizini Urambo askari alichungulia ndani:
godoro, mtungi wa gesi, ndoo mbili, pazia la maua,
mzee na mkewe, na umande bado haujakauka.
"Poleni," akasema. "Mnakwenda kumzika nani?"
Lugendo alizima injini ili ajibu vizuri.
"Hatuendi kumzika mtu."
"Basi kuna mgonjwa."
"Hakuna mgonjwa."
Askari akalizunguka gari mara ya pili,
akalipiga teke tairi la akiba
kana kwamba hilo lingesema kweli.

Jina la mume wangu ni safari, kwa Kinyamwezi,
na safari hiyo ilikaa juu ya stuli moja
miaka thelathini na miwili, ghala la tumbaku,
ikisoma mshale wa mizani.
Marobota yalipanda treni, yakapanda meli,
yakaenda kuwa moshi katika nchi za baridi.
Yeye alikwenda nyumbani, saa kumi na nusu.

Kiinua mgongo kilipotoka
Mhoja alipiga simu toka Dodoma:
"Mama, hiyo ni vyumba sita vya kupangisha, choo ndani."
Nyanzobe hakusema kitu. Alituma picha ya matofali.
Baba yao akaenda mnadani,
akarudi na Landkruza ya misheni, mzee mwenzetu,
magurudumu yote manne yakivuta,
kijani kimepakwa juu ya nyeupe;
lakini jua likilala upande, msalaba unachomoza ubavuni
kama kovu la chanjo begani.

Sikumwambia kwamba tunafahamiana.

Baada ya Kaliua akaikimbia lami makusudi,
akafuata njia ya warina asali,
mbung'o wakibisha hodi kwenye vioo,
mizinga ikining'inia miomboni kama wageni wasiokaribishwa ndani.
Tulikwama. Tope hadi ekseli.
Akashuka pekupeku na sururu, miaka sitini na minne,
akicheka kama mwanafunzi aliyeruka ukuta.
Nilikata matawi. Nilisukuma. Niligombeza.
Sijui lini mara ya mwisho nilichafuka hivyo
bila damu ya mtu.

Usiku ule, darini, niliiona ndoano.
Mkono wangu ndio uliotundika dripu pale,
mwaka wa mvua nyingi, barabara ya Sikonge, gari hilihili.
Aliitwa Nyamizi. Mimba ya kwanza.
Alinishika kifundo cha mkono, akauliza,
"Sista, bado?"
"Tunakaribia."
Zilibaki kilomita arobaini na moja.

Lugendo alilala palepale alipolala yeye,
anakoroma, kofia yake kaitundika kwenye ndoano.
Nikamhesabia mapigo gizani. Mazoea tu.
Sabini na mawili. Nikahesabu tena.

Uvinza tulinunua chumvi kwa kopo;
muuzaji naye akauliza msiba uko wapi.

Kigoma tulifika jioni. Ziwa ni kubwa, tulilisalimu.
Lugendo akapima upepo wa matairi kwanza,
ndipo akanawa uso kwa maji yale,
akasema, "Haya, si ya chumvi,"
kama mtu aliyekabidhiwa risiti.
Tulikula migebuka na ugali, tumekaa mlangoni mwa gari,
na hapo ndipo nilipomwambia. Jina, mwaka, kilomita.
Hakunipa pole. Aliinuka,
akaiondoa kofia kwenye ndoano,
akaishika magotini mpaka taa za wavuvi zikazagaa mbali.
Kisha: "Tukirudi, tupitie Sikonge?"
"Tuanze na Kasulu," nikasema.

Asubuhi ndoano ilikuwa tupu. Nilitundika mkungu wa ndizi.
Zinaiva upande mmoja, ule wa dirishani,
na kila korongo linatudondoshea moja kichwani.

Kizuizi kilichofuata, kijana mwingine, sare mpya,
macho yake kitandani, kwenye ndizi, kwenye mvi zetu:
"Poleni, wazee."
Nikamwahi Lugendo.
"Tumeshapoa, mwanangu. Fungua njia."