Njoo Chemba

Dulamsuren alikabidhiwa ukurasa wa hospitali
kwa kuwa alikaa mapokezi na sauti yake haikuwa kali.
Hakuongezwa mshahara. Aliongezwa chaja.

Uliastai, Januari. Nyuzi arobaini chini ya sifuri,
baridi ya kugandisha kope,
mbwa wa mji mzima wamelala juu ya mifuniko ya mabomba ya moto.

Mkurugenzi alimwachia tangazo:
"Kwa mujibu wa waraka wa wizara, umma unaarifiwa
kuwa zoezi la chanjo linaendelea kama lilivyopangwa."
Akalibandika. Likapendwa na watu wanne,
watatu wao wauguzi wa zamu.

Chini yake mtu akaandika:
"Dawa imegandia njiani. Mnawadunga watoto barafu."
Uvumi hautafuti viatu, ndiyo maana hauchelewi kutoka.
Kufika saa sita usiku ulishavuka milima miwili
ukarudi na jamaa zake.

Hakumwita mtu mwongo.
Alishuka ghalani, akafungua jokofu,
akapiga picha kipimajoto: nyuzi nne juu ya sifuri,
kidole gumba chake kimejichomeka pembeni, kucha imekatika.
Akaandika kwa mkono wake mwenyewe:
"Jokofu letu ndilo hili. Nimelipiga sasa hivi.
Saa mbili asubuhi nitalipiga tena.
Mwenye swali aulize, niko macho."

Na akakaa macho.
Wa kwanza aliuliza kama kidole ni chake.
Wa pili, kama sindano inauma.
"Inauma. Lakini si kama kushika mlango wa chuma bila glavu."
Wa tatu alitukana. Tusi akaliacha hapo, lipigwe na baridi.

Saa nane na dakika kumi, Togtokh, mfugaji,
amepanda kilima kuutafuta mtandao,
simu ameificha kwapani isizimike:
"Mwanangu ana miezi minane. Anakohoa tangu jana, na mama yake"

"Njoo chemba," akamkatiza. "Hapa ni uwanjani."

Chemba, maneno yalikuwa machache.
Shuka hemani. Mfunue kifua.
Hesabu pumzi dakika nzima, usikisie. Kisha panda tena.

Ujumbe ukakaa na tiki moja ya kijivu.
Dakika ishirini na mbili.
Dulamsuren akapanga kalamu. Akazipangua.

"Sitini na moja. Na mbavu zinabonyea."

Akapiga simu mbili, ya daktari na ya dereva,
dereva akaamka akitafuta soksi.
"Ondokeni sasa hivi. Gari litawakuta darajani.
Mtoto awe ndani ya joho lako, uso wazi."

Kulipokucha ukurasa ulikuwa unachemka.
Gari la wagonjwa limetoka usiku, limekwenda wapi?
Mtoto wa nani? Ni kweli amefariki?
Shemeji mtu alishataja jina, akaongeza na mishumaa.

Naye alijua: kitanda cha sita, oksijeni,
midomo imeanza kurudi rangi yake.
Sentensi moja ingewanyamazisha wote.
Ilikuwa tamu kwenye ncha ya ulimi.
Akaimeza. Akaandika:
"Habari za mgonjwa ni mali ya mgonjwa.
Anayetaka kusaidia, afute majina."

"Jana mlikuwa wasemaji, leo mabubu?"

"Kwa hili, ndiyo."

Saa mbili kamili akapandisha picha ya jokofu. Nyuzi nne.
Wasomaji elfu tatu, na mzee mmoja wa mtaa wa kiwandani
akang'aka: picha ya zamani hiyo!
Kidole kiko wapi?

Dulamsuren akacheka peke yake, macho mekundu,
akazishuka tena ngazi za ghala
kukirudisha kidole mahali pake.