Fundo la Kushoto

Mlangoni pa chumba cha upasuaji, juu ya ndoo ya klorini,
kuna bamba la shaba lenye jina ambalo Rungwe nzima ilishindwa kulitamka:
Wetherby.
Wakalikata mkia, wakalipa maana.
Weza.
Daktari Weza akiweza, unarudi kwako;
asipoweza, jembe linaijua njia ya kwenye mikaratusi.

Alikuja na masanduku saba na mwavuli mmoja.
Mwavuli haukumaliza wiki.
Mvua ya Tukuyu haibishi hodi, ina ufunguo wake.

Ndiye wa kwanza huku kufungua tumbo la mzazi
na kulifunga tena, na mama akashuka kilima kwa miguu yake,
mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani,
kana kwamba alikwenda gulioni tu.

Alikuwa mkali. Alirusha makasi.
Daftari lake la wagonjwa halina majina:
"Mwanamke, nyonga." "Mvulana, mdomo."
"Mwanamke." Nukta.
Nimelisoma lote, zamu za usiku, nikimtafuta bibi yangu
katika nukta hizo.

Babu Ambakisye hakuandikwa hata nukta.
Kazi yake ilikuwa kushika karabai.
Alisimama ng'ambo ya meza, uso kwa uso na Mwingereza,
mkono juu tangu saa tatu hadi jogoo,
maana taa ikitikisika, mshipa unapotea.
Alikatazwa kugusa. Alikatazwa kuuliza.
Kutazama, walisahau kumkataza.

Nyumbani alifunga ugwe wa mgomba kwenye mguu wa kigoda,
akafungua, akafunga, akafungua.
Bibi akadhani ameshikwa na kitu.

Ndipo ukaja ule usiku: Weza kitandani, homa inamtikisa hadi chaga zinalia,
na machela inapanda kutoka Masoko katika matope,
na juu ya machela mwanamke wa siku tatu za uchungu.
Babu akamkabidhi mfagizi taa.
Akanawa hadi viwikoni. Akanawa tena.
Yaliyofuata hakuyasimulia kamwe, ila alisema
maji yalikuwa ya baridi.
Mtoto wa usiku ule leo ana shamba la parachichi
na deni benki.

Weza alipopata nguvu akaja kuutazama mshono.
Akaligusa fundo kwa ncha ya kidole.
"Umelifunga kinyume."
"Nililiona kutoka upande huu," babu akajibu.

Basi. Hayo tu.
Kesho yake taa ikashikwa na mtu mwingine.

Babu akamfundisha Lugano, Lugano akamfundisha Sista Atuganile,
Sista akanifundisha mimi, Alhamisi, ng'ombe akichinjwa,
kwa utumbo tuliouomba buchani
na mchuzi tukaukosa.
Wote tunafunga kushoto.

Mwaka ule wa kidole tumbo, Lugano alinishona mwenyewe,
mkono umezeeka lakini haujasahau.
Nyuzi nikatolewa Mbeya, kwa kijana wa koti jipya.
Akainama, akatabasamu:
"Umeshonwa Tukuyu, wewe."
"Umejuaje?"
"Fundo limegeukia kushoto. Hili ni fundo la Weza.
Yule mzee lazima alitumia shoto."

Nilikuwa na jibu. Lilifika hadi kwenye meno.
Makasi yakasema tik, tik,
na mimi nikahesabu saba, nikashukuru, nikavaa.

Ijumaa ni zamu yangu kung'arisha bamba.
Nalisugua kwa ndimu na majivu, herufi kwa herufi,
simpunji kitu: alikuja, alikata, watu waliishi.
Shaba ikishawaka najiona humo,
uso kwa uso,
nimeshika kitambaa kwa mkono wa kulia,
na yule aliye ng'ambo
amekishika kwa kushoto.