Ukurasa wa Thelathini na Moja

Jua la Oulu lilizama saa nane mchana
bila kumuaga mtu.
Sasa ni saa moja usiku, na jozi nne za viatu
zinalia theluji mlangoni kwa Sanelma.
Ilkka ndiye wa mwisho kuingia.
Amelikumbatia sanduku
kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

Tunatandaza ubao:
nyumba kumi na mbili, kanisa lisilo na paa,
ziwa lililoganda katikati,
na chini ya barafu, kitu.
Kitabu cha sheria hakikitaji kwa jina,
kinakiita Mpangaji, basi.

Kupanga tu ni saa nzima.
Kete nyekundu ni hofu, za manjano mafuta ya taa,
karata mia mbili na ushee,
na Pirkko wa ofisi ya kodi anazihesabu mara mbili,
akilowesha kidole kwa ulimi.
Touko anauliza, kama kila Ijumaa, "Mimi nani leo?"
"Mchimba kaburi. Mguu mmoja mbovu."
Anafurahi. Mchana yeye hung'oa meno ya watu.
Mimi ni mjane mwenye bunduki
na risasi moja.

Kuna michezo ambayo mtu humla mwenzake
na kwenda kulala ameshiba.
Huu tunaliwa sote, tena kwa zamu.
Nipe taa yako, nikupe mkate wangu.
Usipite kisimani peke yako.
Ngoja, ngoja, nikirusha sita
nitakufikia kabla ya giza —
dadu inaviringika, inagonga kikombe,
inasimama kwenye moja.
Ilkka anafunua karata, anashusha sauti:
"Mpangaji amegeuka usingizini."
Bomba la joto ukutani likagonga, ko,
na watu wazima watano tukasogeza viti.

Saa nne tumekufa.
Mchimba kaburi alifia mlango wa kanisa,
mkono ukiwa umenyooshwa kwangu;
mimi niliitunza ile risasi hadi ikawa haina kazi.
Mara ya kumi na tisa tangu Septemba.
Tukacheka mpaka Sanelma akashika mbavu.

Ndipo Pirkko, ambaye hafungi faili lenye shaka,
akarudi kwenye kitabu.
Akasoma kimya. Akasoma tena.
"Ukurasa wa thelathini na moja," akasema.
"Karata ya hofu ni moja kwa duru.
Moja, kwa sote.
Sisi tumekuwa tukivuta kila mtu na yake."

Hakuna zimwi lililowahi kuleta kimya kile.
Majira mazima ya baridi
tulikuwa tumejitwisha hofu mara tano
na kudhani ndiyo uzito wake.

Tukaanza upya, kwa haki.
Mpangaji alilala fofofo.
Mafuta yalibaki, mkate ulibaki,
nikapiga risasi yangu kwa starehe tu.
Saa saba usiku kijiji kilikuwa kimeokoka
na Touko hakuwa na wa kumzika.
Nilipiga makofi mawili,
la tatu likaniishia mkononi.
Tuliutazama ushindi ule
kama unavyotazama risiti ya dukani:
kila kitu kipo, hesabu ni sawa,
unaikunja unaitupa.

Sanelma akainuka kuchemsha kahawa.
Hakuna aliyevaa koti.
Pirkko, ambaye katika maisha yake
hajawahi kuchora kitabu,
akaomba penseli,
akaandika pambizoni, herufi ndogo za ushuru:
*Nyumba hii, kila mtu na yake.*

Saa kumi alfajiri nina zamu,
gari la kusukuma theluji linaningoja bohari,
na barabara zote za Oulu ni nyeupe.
Nikavuta kiti.
Ilkka alikuwa ameshaanza kuchanganya karata.