Milimita Mbili

Kwanza unafagia kwa kiganja, kokoto na mavi ya mbuzi,
unaweka pete mbili za chuma, ndogo ndani ya kubwa,
ubao juu yake, kisha nyundo.
Lokiru, aliyezaliwa siku ya mvua, ndiye anayepiga.
Ardhi ya Nadunget inajibu kwa sauti ya sufuria tupu.
Huu ni ukoko, namwambia, kama wa wali ulioungua:
unagonga, unagonga,
hujui kama chini yake kuna chakula.

Tumebeba jerikeni nne kutoka bomba la mkono
(foleni ya saa mbili, na macho yote mgongoni mwetu).
Maji ya pete ya nje hayahesabiwi.
Kazi yake ni kuziba njia za ubavuni
ili ya ndani yasiwe na pa kwenda ila chini.
Nimeyaonea huruma mara nyingi, maji hayo:
yanabebwa sawa na mengine, yanamwagwa sawa na mengine,
hayaandikwi.

Saa inaanza. Rula imesimama wima.
Dakika ya tano, hakuna.
Dakika ya kumi, labda unene wa unywele.
Nusu saa: milimita mbili,
na moja kati ya hizo nadhani imenywewa na jua.

Nakoya anapita, jerikeni kichwani. Hasalimu.
Kivuli chake kinaangukia saa yangu.
"Mnamwagilia nini, na hamkupanda kitu?"
Tunapima, nasema, jinsi udongo unavyokunywa.
Anachuchumaa bila kuutua mzigo, shingo imenyooka,
anayatazama maji yaliyotulia kama ya kunawia.
"Na huu umekunywa kiasi gani?"
Namwonyesha kwa ukucha.
"Mkwe wangu mgonjwa anaushinda," anasema.
Lokiru anacheka. Mimi naandika.

Kisha: "Njooni na vyuma vyenu."

Tunaziacha pete pale, tunabeba jozi ya akiba,
tunamfuata hadi lilipokuwa zizi lao
kabla ya mwaka ule wa bunduki.
Ua wa miiba umeoza. Miaka minane
hakuna ng'ombe aliyelala hapa,
lakini nyasi zimeota kwa duara, kama zinawangoja,
na chuma kinazama kwa mapigo matatu, bila kelele.
Namimina. Udongo unaguna,
unatema mapovu madogo, na harufu ya samadi ya zamani
inainuka kama mtu aliyeamshwa usingizini.
Dakika moja, milimita nane.
Dakika mbili, kumi na tano.
Jaza, Lokiru! Jaza, usitazame, jaza!
Jerikeni ya tatu imekwisha, ya nne inakoroma,
na kasi bado haijatulia.
Isipotulia hakuna jibu; ndivyo nilivyofundishwa.

Nakoya akaitua jerikeni yake.
Sikumwomba. Naomba iandikwe hivyo, sikumwomba.
Akachota kikombe kimoja, cha plastiki, cha kijani,
akamimina polepole, kama anayempa mtoto dawa.
Akachota cha pili,
akasita,
akakinywa mwenyewe.
"Hapa panakunywa," alisema. "Mlitaka kujua nini tena?"

Tuliporudi kwenye pete za kwanza
maji yalikuwa bado mle, vuguvugu, na nzi wawili,
na mbuzi mweupe amepiga magoti ya mbele
anayamalizia.
Lokiru akaokota jiwe. Nikamshika mkono.

Usiku, Moroto, kwa mwanga wa simu, nilijaza safu.
Mahali pa kwanza: mbili kwa nusu saa.
Mahali pa pili: haikutulia, maji yalikwisha.
Nyongeza: kikombe kimoja. Chanzo:
hapo kalamu ilikaa mpaka wino ukafanya doa.
Kwenye safu ya maoni niliandika "mbuzi",
nikafuta,
nikaandika tena.