Mpaka wa Kusini

Nilikwenda na jina moja, nimelifunga kwenye ncha ya leso
kama bibi alivyokuwa akifunga sarafu:
Tufaha.
Binti nani, hatukuambiwa. Kutoka wapi, ilikuwa adabu kutouliza.
Kwetu Mambrui lilitajwa kwenye hitima tu,
likipita haraka haraka
kama mtu anayekatiza ua wa wenyewe.

Ofisi ya ardhi, Malindi. Feni inazunguka kwa ukaidi wa punda.
Bwana Mwaringa akaniuliza, Watafuta shamba au watafuta watu?
Watu, nikasema.
Akapiga muhuri risiti yangu.
“Humu hamna watu, dada. Humu mna nani alidai nini,
na nani alikuja kumwapia.”

Lakini akalileta, daftari la madai,
kingo zimeliwa na mchwa, uti umeshonwa kwa uzi wa gunia.
Karani wa zama hizo alikuwa na mwandiko wa kuinama,
herufi zote zimeegemea upande mmoja
kama minazi iliyolelewa na kusi.
Kila mdai ana baba, na baba ana baba,
bin, bin, bin, mpaka ukurasa unaishiwa na nafasi.
Nikachambua kama mchele,
majina ya wenzangu nikiyatupa kando kama chuya.
Kurasa mia na nne.
Hayumo.

Nilikuwa nimeshavaa viatu, maana nilikuwa nimevivua chini ya meza,
jicho liliponasa chini kabisa ya dai la Nasoro bin Rashidi,
ekari thelathini na mbili, minazi na ufuta:

*Mashariki, njia ya punda iendayo kisimani.
Kaskazini, ardhi ya Serikali.
Magharibi, mkwaju uliokatwa.
Kusini, kitalu cha Tufaha, huru wa marehemu Rashidi,
muhogo, na nyumba moja ya makuti.*

Basi yumo.
Yumo kwa kuwa shamba la mtu lazima liishie mahali.
Yumo pamoja na mkwaju, na njia ya punda.
Huru wa Rashidi:
hata uhuru wake ulikuwa na mwenyewe.

Mbona hakudai? Sijui, na sitamtungia.
Labda tangazo lilipigiliwa mlangoni kwa herufi asizozijua.
Labda rupia za ada zilikuwa ni muhogo wa msimu mzima.
Labda alijiambia, nalima hapa, wananiona nalima,
ushahidi gani tena?

Bwana Mwaringa akanitolea na ramani, ya miaka minane baadaye.
Shamba ni lilelile, njia ni ileile.
Mkwaju uliokatwa bado umeandikwa kwa heshima zake zote.
Kusini, kwa kalamu ya risasi ya buluu:
*ardhi ya Serikali.*

Mama yangu alilipa ijara miaka arubaini na mmoja.
Kila mwisho wa mwezi, wakala na kijitabu chake,
kuta ni zenu, ardhi si yenu,
na mama akimkaribisha kahawa.
Sisemi ni pale pale. Bikoni zimeng'olewa,
kisima kimefukiwa, na mimi si mpima.
Nasema tu kwamba nilihesabu hatua.

Kupata nakala kuna fomu.
*Jina la mwombaji.* Nikajaza.
*Uhusiano na mmiliki.* Kalamu ikasimama.
Nyuma yangu foleni, mtu anakohoa.
Nikaandika: kusini.
Bwana Mwaringa akasoma, akanitazama,
akaidhinisha.

Shangazi Mwanasiti nilimkuta juu ya mbuzi, anakuna nazi.
Nikamsomea ile mistari. Mkono haukusimama.
“Muhogo,” akasema. “Basi ndiyo maana.”
Maana ya nini, hakusema.
Akageuza kifuu, akatafuta nyama iliyobaki pembeni,
nami nikavuta kigoda,
nikamshikia sinia.